Kupima Jicho na Kulisahau Sikio

Kwa miaka mingi nchi yetu imebishana juu ya lugha ya kufundishia. Wako wanaosema Kiingereza kiendelee, na wako wanaosema Kiswahili kishike nafasi yake, na kila upande una hoja zake nzito. Katika sura hii sikusudii kuurudia ubishi huo wote. Nataka kuuliza swali dogo lililojificha nyuma yake, nalo ni hili: tunajuaje kwamba mwanafunzi anaelewa kile anachokisoma na kile anachokisikia? Hasa mwanafunzi wa Chuo Kikuu, na zaidi yule anayesomea Kiingereza chenyewe ili kesho akakifundishe. Ni nani aliyempima, kwa mizani gani, na mizani hiyo ilipotoa jibu, jibu lilifanyiwa nini?

Mimi sikusoma Chuo Kikuu. Nilimaliza chuo cha ualimu mwaka 1973, nikafundisha Kiingereza na Historia katika shule za sekondari, na nikastaafu nikiwa mkuu wa shule. Lakini wanafunzi wengi waliopita mikononi mwangu walikwenda Mlimani na kwenye vyuo vingine. Mwalimu wa sekondari ni kama mpasua mbao. Yeye hajengi nyumba, lakini paa likipinda huulizwa mbao zilitoka wapi. Kwa sababu hiyo nimekuwa nikifuatilia habari za upimaji kwa miaka mingi, nikisoma kila nilichokipata, na haya ndiyo niliyoyaona.

Mizani za zamani

Upimaji wa Kiingereza kwa watu ambao si lugha yao ya kwanza una historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1913 Chuo Kikuu cha Cambridge kilianzisha mtihani kwa wageni, hasa wale waliotaka kwenda kukifundisha Kiingereza makwao. Mwaka ule wa kwanza walijitokeza watahiniwa watatu tu. Walitahiniwa kwa jumla ya saa kumi na mbili hivi. Walitafsiri, waliandika insha, waliulizwa sarufi, fasihi na fonetiki, waliandika imla, walisoma kwa sauti na kuzungumza. Wote watatu walishindwa.

Namtaja msomaji mtihani huo kwa sababu moja. Pamoja na ugumu wake wote, wale waliouandaa walikubali kwamba lugha haimo katika karatasi tu. Walitenga nafasi ya sikio na nafasi ya kinywa. Baadaye, mitihani ilipokuwa ya maelfu ya watu na kusafirishwa kwa meli kwenda makoloni, sehemu iliyosafiri vizuri zaidi ilikuwa ile ya karatasi. Bahasha inafungwa London na kufunguliwa Tabora. Sauti haifungwi katika bahasha. Hivyo kidogo kidogo, kwetu sisi, kujua Kiingereza kukawa na maana ya kukijua kwa jicho na kwa kalamu.

Watu wa rika langu tunaikumbuka imla. Mwalimu alisoma sentensi, nasi tukaandika. Kisha tukabadilishana madaftari na kuhesabu makosa. Wataalamu wamebishana sana juu ya zoezi hili. Mwaka 1961 Mmarekani aitwaye Robert Lado alichapisha kitabu juu ya upimaji wa lugha ambamo alisema imla haipimi mambo mengi, kwani maneno yenyewe na mpangilio wake vyote hutolewa na anayesoma. Miaka kumi hivi baadaye Mmarekani mwingine, John Oller, alimpinga. Alisema kwamba masikio hayapokei maneno yaliyokwisha kukatwa vipande. Yanapokea mfululizo wa sauti, na ni akili ya msikilizaji ndiyo inayoukata mfululizo huo na kuamua neno hili linaishia wapi na lile linaanzia wapi. Asiyeijua lugha hataweza kuukata vizuri. Mimi, kwa yale niliyoyaona darasani, nilikuwa upande wa Oller. Mwanafunzi aliyekuwa dhaifu hakukosea tahajia tu. Aliandika maneno ambayo hayakusemwa kabisa.

Baada ya imla yalikuja maswali ya ufahamu, ambayo bado yanatawala. Habari hutolewa, na maswali kumi hufuata. Ni zoezi zuri likitungwa na mtu mwangalifu, lakini lina mtego. Hebu tazama sentensi hii: "Vibwandu vilikuwa vikichinunga kwenye shapwe." Sasa nikuulize: vibwandu vilikuwa vikifanya nini? Utajibu bila wasiwasi kwamba vilikuwa vikichinunga. Vilikuwa vikichinunga wapi? Kwenye shapwe. Umepata alama zote mbili, na hakuna kati yetu anayejua kibwandu ni mnyama au ni chombo, maana maneno hayo nimeyabuni mimi. Ndivyo wanafunzi wengi wanavyofaulu ufahamu wa Kiingereza. Hutafuta neno la swali ndani ya habari, kisha hunakili kilicho kando yake.

Kuna mtego wa pili, nao ni wa swali linalojibika bila kusoma. Ukitoa habari kuhusu nyuki na kuuliza nyuki hutengeneza nini, umepima ujuzi wa mambo ya kawaida na si usomaji. Niliwashauri walimu wenzangu wajaribu maswali yao kwa mtu ambaye hakuiona habari. Swali atakalolipata mtu huyo likatupwe, kwani halipimi kusoma.

Nafasi zilizoachwa wazi

Mwaka 1953 Wilson Taylor wa Marekani alieleza njia nyingine. Yeye hakuwa akiwafikiria wageni wanaojifunza Kiingereza. Alitaka kujua iwapo maandishi fulani ni rahisi au ni magumu kwa wasomaji wa kawaida. Alichukua habari na kufuta maneno kwa mpango maalumu, kwa mfano kila neno la tano, akamtaka msomaji ajaze nafasi. Baadaye walimu wa lugha waliona kwamba njia hiyo inaweza pia kumpima msomaji mwenyewe.

Tufanye jaribio kwa Kiswahili. "Mama alikwenda ...... kununua samaki, lakini hakuwa na ...... za kutosha, akarudi na kapu ......" Bila shaka umekwisha kujaza: sokoni, fedha, tupu. Hukulazimika kufikiri. Lugha yenyewe ilikusukuma, kama mtu ashukaye mlima. Huo ndio uwezo unaopimwa. Anayeijua lugha hutangulia mbele ya macho yake. Huliotea neno kabla hajaliona. Asiyeijua husimama kwenye kila nafasi kama mtu aliyefika mtoni akakuta daraja limekatika.

Hata hapa pana ubishi. Mtu wa Dar es Salaam huenda akaandika "Feri" badala ya "sokoni", na mwingine akaandika "pesa" badala ya "fedha". Je, tuwanyime alama? Wako wasahihishaji wanaotaka neno lile lile lililofutwa, na wako wanaokubali neno lolote lenye kufaa. Njia ya kwanza ni nyepesi kusahihisha, ya pili ina haki zaidi kwa mjibu. Namweleza msomaji habari hizi ndogo kwa sababu mizani ya namna hii ndiyo iliyotumika kutupima sisi wenyewe, na jibu lililotoka lilikuwa zito.

Mwaka ambao tulipimwa

Ili kuelewa mwaka 1984, yafaa turudi nyuma kidogo. Baada ya Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi. Sekondari na Chuo Kikuu vikabaki na Kiingereza. Mtoto alisoma miaka saba kwa lugha anayoielewa, kisha siku moja ya Januari akaingia kidato cha kwanza na kukuta Jiografia, Hesabu na Biolojia vimebadilika sauti. Sisi walimu tuliliona tatizo mapema. Mwaka 1978 Penina Mlama na May Matteru waliandika, kwa niaba ya Baraza la Kiswahili la Taifa, juu ya haja ya kutumia Kiswahili katika elimu ya juu. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha kitengo maalumu cha stadi za mawasiliano, ili kuwafundisha wanafunzi wake namna ya kusoma vitabu vya taaluma, kufuata mihadhara na kuandika. Chuo Kikuu hakianzishi kitengo cha namna hiyo kwa ajili ya mapambo.

Kisha ikaja Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ambayo ilitoa taarifa yake mwaka 1982. Pamoja na mengine mengi, ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika kufundishia sekondari kuanzia Januari 1985, na hatimaye kifike Chuo Kikuu. Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Na Mwalimu Nyerere mwenyewe, ambaye hakuna anayeweza kumtuhumu kwa kukidharau Kiswahili, alisema mwaka 1984 kwamba Kiingereza ni Kiswahili cha dunia na kwamba lingekuwa kosa kukiacha.

Katika mwaka huo wa 1984 walifika wataalamu wawili kutoka Uingereza, Clive Criper na William Dodd. Walizunguka na kuwapima wanafunzi wa ngazi mbalimbali, kuanzia shule za msingi hadi Chuo Kikuu, wakitumia majaribio ya kusoma ya kujaza nafasi kama yale niliyoyaeleza. Waliyoyakuta waliyaandika bila kuficha. Katika wanafunzi wa Chuo Kikuu waliopimwa, wasiofika asilimia 20 ndio waliokuwa katika kiwango cha kusoma kwa urahisi hata vile vitabu vyepesi vinavyohitajika katika masomo yao. Katika kidato cha nne, ni kama asilimia 10 tu waliofikia kiwango ambacho mtu angetarajia elimu kwa Kiingereza ianzie. Na kwa karibu nusu ya wanafunzi wa sekondari waliopimwa, walisema, maarifa ya masomo mengine yalikuwa hayawafikii, au yaliwafikia kidogo mno.

Soma tena sentensi hiyo ya pili, ndugu msomaji. Vijana wa kidato cha nne walikuwa wanamaliza safari, na tisa katika kila kumi walikuwa hawajafika kwenye kituo cha kuanzia.

Pamoja na hayo yote, wataalamu hao hao walishauri kwamba Wizara iutangaze upya uamuzi wake wa Kiingereza kuendelea kuwa lugha ya kufundishia, na kwamba juhudi ziongezwe kukifundisha. Hapo ndipo penye kiini cha habari yangu. Mizani ilisema jambo moja, na uamuzi ukaenda upande mwingine. Sisemi kwamba walikuwa na nia mbaya. Nasema tu kwamba daktari akimpima mgonjwa na kukuta homa kali, kisha akaandika kwamba aendelee na kazi ile ile iliyomletea homa huku akipewa chakula bora, mgonjwa ana haki ya kuuliza kipimo kilikuwa cha nini.

Makasha ya vitabu

Chakula bora kilikuja kweli. Kuanzia mwaka 1987 uliendeshwa mradi wa kusaidia ufundishaji wa Kiingereza katika sekondari, kwa fedha za Uingereza. Shule zilipokea vitabu vya hadithi vilivyorahisishwa, vimepangwa kwa ngazi, kuanzia vile vya maneno machache hadi vinene. Nakumbuka makasha yalivyofunguliwa katika ofisi yangu, na harufu ya karatasi mpya katika shule ambayo vitabu vyake vingine vilikuwa vimeshonwa kwa uzi wa gunia. Wanafunzi walivipenda. Waliosoma vingi walibadilika, jambo ambalo hakuna mwalimu mkweli atakayelikana.

Lakini vilikuwa vitabu vya kusoma. Jicho lilikuwa limepimwa, jicho likakutwa na upungufu, jicho likaletewa dawa. Sikio halikupimwa, na kwa hiyo halikuagiziwa chochote. Ndivyo upimaji ulivyo. Kisichopimwa huwa kama hakipo.

Daftari la mihadhara

Miaka michache baada ya hapo alinitembelea kijana mmoja niliyemfundisha. Alikuwa amepata daraja la kwanza kidato cha nne na cha sita, na sasa alikuwa mwaka wa kwanza chuoni. Tulizoea kumtolea mfano. Baada ya "shikamoo mwalimu" na habari za nyumbani, alinyamaza kidogo, akatoa daftari lake la mihadhara na kuniomba nilitazame.

Mwandiko ulikuwa mzuri kama kawaida yake. Lakini ukurasa mmoja uliosimulia historia ya viwanda vya Ulaya ulizungumzia "the walking class". Niliusoma mara mbili. Mhadhiri, ambaye alikuwa mgeni, alisema "working class", yaani tabaka la wafanyakazi. Kijana alisikia tabaka la watembeao kwa miguu. Naye, kwa kuwa alikuwa na akili, alijitahidi kuipatia maana: pembeni aliandika kwa penseli kwamba watu hao walikuwa maskini kwa sababu hawakumiliki farasi. Kurasa chache mbele, penye 15 paliandikwa 50.

Nilicheka kidogo, naye akacheka kwa adabu. Kisha akasema neno ambalo limebaki nami: "Mwalimu, kumbe mimi sina akili kama mlivyokuwa mkiniambia."

Si kweli kwamba hakuwa na akili. Lile jambo la farasi lilitoka kwenye akili nzuri iliyopewa malighafi mbovu. Wala hakuwa dhaifu wa kusoma. "Working class" ingekuwa imechapishwa kitabuni angeielewa mara moja. Tatizo lilikuwa sikioni, na katika miaka yake yote kumi na mitatu ya shule hakuna mtihani hata mmoja uliomwuliza anasikiaje. Mtihani wa taifa wa Kiingereza, kwa muda wote nilipokuwa kazini, ulikuwa wa maandishi. Alipewa cheti cha kujua lugha ambayo nusu yake haikupimwa, kisha akapelekwa mahali ambapo maarifa hutolewa kwa mdomo.

Kwa nini sikio si jicho

Huenda msomaji akasema kwamba aliye hodari wa kusoma atakuwa hodari wa kusikiliza pia, kwa hiyo ukimpima jambo moja umempima yote. Kwa mtu na lugha ya mama yake pengine ni sawa. Kwa sisi na Kiingereza si hivyo, na sababu zake zinaonekana.

Kwanza, jicho linaweza kurudi nyuma, sikio haliwezi. Sentensi ngumu kitabuni hukusubiri. Ikitoka kinywani mwa mhadhiri imekwenda. Pili, kwenye karatasi maneno yametenganishwa kwa nafasi, ilhali katika usemi hakuna nafasi. Tatu, Kiswahili kimeyalea masikio yetu kwa desturi zake. Silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, nasi tunazo irabu tano tu, kila moja ikiwa na sauti yake isiyobadilika. Kiingereza cha Uingereza kina irabu nyingi zaidi ya hizo mara kadhaa, na maneno yake hufungwa kwa konsonanti mbili au tatu zilizobanana. Sikio la Mswahili hulazimika kuzigawa sauti nyingi katika visanduku vitano. Hapo ndipo "work" na "walk" vinapolala kitanda kimoja, na ile "-ed" ya wakati uliopita inapotoweka kama chumvi majini. Nne, mkazo wetu hukaa mahali pamoja, kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, lakini wa Kiingereza huhama. Tofauti ya "fifteen" na "fifty" kwa sehemu kubwa ni mahali mkazo ulipoangukia, na mtu ambaye lugha yake haitofautishi maneno kwa njia hiyo hana mazoea ya kuusikiliza.

Baada ya daftari lile, nilianza jambo dogo shuleni kwangu. Kila Ijumaa, kidato cha tatu kilisomewa habari fupi ya Kiingereza mara moja tu, kalamu zikiwa chini. Kisha wanafunzi waliulizwa maswali, na kuruhusiwa kujibu kwa Kiswahili. Walimu wengine walinung'unika kwamba tunaharibu Kiingereza. Niliwaeleza kwamba nataka kupima kusikia, si kuandika. Ukimtaka mtoto asikie kwa Kiingereza na ajibu kwa Kiingereza, akikosa hutajua amekosea kwenye mlango wa kuingilia au wa kutokea. Mizani moja ipime mzigo mmoja.

Matokeo yalitushangaza. Waliokuwa wa kwanza katika kusoma hawakuwa wa kwanza katika kusikiliza. Binti mmoja wa nafasi za katikati, ambaye kwao kulikuwa na redio na baba aliyependa kusikiliza matangazo ya nje, aliwapita wote. Na baadhi ya waliotegemewa walikaa kimya, nyuso zikiwa zimeingiwa na hofu. Hofu hiyo ilikuwa na faida. Ni afadhali umjue kipofu kabla hajavuka barabara.

Kipimo cha kwenda na kipimo cha kubaki

Sasa nije kwenye jambo linalonisumbua zaidi, hata leo nikiwa na miaka sabini na kitu.

Kijana wa Kitanzania akitaka kwenda kusoma Uingereza, kwa kawaida hutakiwa kufanya mtihani wa Kiingereza. Unaojulikana sana ni ule wa IELTS, ambao umetumika tangu mwaka 1989. Una sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Katika sehemu ya kusikiliza, mtahiniwa husikilizishwa mazungumzo na maelezo kwa muda wa nusu saa hivi, kila kipande mara moja tu, na hujibu maswali 40. Sehemu ya kusoma ina maswali mengine 40 kwa saa moja. Wamarekani nao wana mtihani wao wa TOEFL, ulioanza mwaka 1964, na kusikiliza kumekuwamo tangu mwanzo. Wenzetu hao hawampi mgeni kiti katika ukumbi wa mihadhara kabla hawajajua kama atausikia mhadhara.

Lakini kijana huyo huyo akibaki hapa nyumbani, aingie katika chuo ambacho mihadhara yake pia ni ya Kiingereza na vitabu vyake pia ni vya Kiingereza, huingia kwa matokeo ya mitihani ya maandishi. Sikio lake huchukuliwa kuwa ni zima kwa sababu halijawahi kukaguliwa. Yaani tunajihadhari kuwapeleka vijana wetu wasiosikia kwa wageni, lakini hatujihadhari kuwaweka wasiosikia mbele ya wahadhiri wetu wenyewe.

Nami nawafikiria zaidi wale wanaosomea Kiingereza chenyewe, maana hao ni walimu wa kesho. Mwanafunzi wa uchumi asiyesikia vizuri anajidhuru nafsi yake. Mwanafunzi wa Kiingereza asiyesikia vizuri atasimama mbele ya watoto hamsini, na wao watachukua kwake sauti alizo nazo. Watoto hao baadhi yao watakuwa walimu. Hesabu inayofuata msomaji anaweza kuifanya mwenyewe.

Nini kifanyike

Wako watakaosema kwamba dawa ni kubadili lugha ya kufundishia, na mimi ni mmoja wa wanaoamini kwamba Kiswahili kinaweza kubeba elimu yoyote. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, iliyozinduliwa Februari 2015, ilikitamka Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote, huku Kiingereza nacho kikitajwa. Lakini vijana walioko vyuoni wako vyuoni leo, na mihadhara yao ni ya leo. Hawawezi kusubiri tumalize mazungumzo.

Kwa hiyo ushauri wangu ni wa kiasi. Katika majuma ya kwanza ya mwaka wa kwanza, kila mwanafunzi apimwe kusoma na kusikiliza, kila stadi peke yake. Habari za kusikiliza zitolewe kwa sauti za watu mbalimbali, Watanzania na wageni, wanaume na wanawake, kwani hizo ndizo sauti atakazozisikia ukumbini. Maswali ya kusoma yawe ya kudai maana, si ya kunakili. Na lililo kubwa kuliko yote, matokeo yasitumike kumfukuza mtu. Yatumike kumwonyesha mwanafunzi upungufu wake uko wapi, na kumwonyesha mhadhiri ni wangapi kati ya walio mbele yake wanaoandika maneno ambayo yeye hakuyasema. Vyombo vya kusikilizia sasa viko katika simu za mkononi. Hakuna anayehitaji tena kungoja redio kaseti moja ya shule nzima.

Na ikiwa kipimo kitasema neno zito, kama kilivyosema mwaka 1984, basi safari hii tusiliweke neno hilo kabatini. Taarifa ya mwaka ule ilieleza ukweli juu ya kizazi kizima, kisha kizazi hicho kikaachwa kihitimu kama kilivyo. Wengi wao walidhani wameshindwa kwa kukosa akili.

Yule kijana wa daftari hakushindwa. Alirudi chuoni, akaungana na wenzake wanne waliokuwa wakikutana jioni na kusimuliana mhadhara wa mchana kwa Kiswahili, kila mmoja akileta alichokisikia, mpaka kipande cha huyu na kipande cha yule vikafanya mhadhara mzima. Alihitimu, na amefanya kazi ya maana katika nchi hii. Lakini ilimgharimu mwaka mmoja wa kujidharau, nao mwaka huo hakuna aliyemrudishia.